UCHAGUZI WA KIJIJI SI JAMBO DOGO

(Mazungumzo na viongozi wa matawi)



Wapo wanaodhani kwamba uchaguzi wa kweli ni ule wa Rais na Wabunge, na kwamba kumchagua mwenyekiti wa kijiji ni mazoezi tu. Dhana hiyo ni potofu. Mkulima aweza kumaliza maisha yake yote pasipo kuonana na Waziri. Lakini hawezi kugawiwa ardhi ya kijiji pasipo Halmashauri ya Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeikabidhi Halmashauri hiyo usimamizi wa ardhi, ambayo ndiyo mali kuu ya mnyonge.

Historia nayo yafundisha. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, kazi zake zikashikwa na watumishi walioteuliwa kutoka juu. Nia ilikuwa kupeleka madaraka mikoani; kilichofika kikawa zaidi madaraka ya watumishi kuliko ya wananchi. Ndiyo maana sheria za mwaka 1982 zilizirudisha Serikali za Mitaa, nazo zikaanza kazi mwaka 1984.

Diwani wa kata huchaguliwa siku moja na Rais na Mbunge, chini ya Tume ya Uchaguzi. Viongozi wa vitongoji, vijiji na mitaa huchaguliwa mwaka mmoja kabla, chini ya Wizara yenye dhamana ya Serikali za Mitaa. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, huwajibika kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Mgombea sharti adhaminiwe na chama cha siasa. Hapo ndipo mzigo wa Chama unapoanza: jina bovu likipitishwa na tawi, kijiji kizima kitalibeba kwa miaka mitano.

Mwaka 1965, katika mfumo wa chama kimoja, TANU iliwapelekea wapiga kura wa majimbo mengi wagombea Ubunge wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Wananchi walichagua; hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akaangushwa. Chama hakikufa kwa sababu hiyo.

Mwaka 2019 baadhi ya vyama vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa vijiji, vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na mahali pengi wagombea wa CCM wakapita bila kupingwa. Mwaka 2024 malalamiko hayo yalisikika tena, na ushindi ukatangazwa kuwa zaidi ya asilimia 98. Mwanachama makini hatosheki na hesabu hiyo. Ikiwa wakati wa chama kimoja mwananchi alikuwa na wawili wa kuchagua kati yao, je, ni haki katika vyama vingi abaki na mmoja? Fomu ya mpinzani ikikataliwa kwa kosa la kalamu, aliyenyimwa haki si mpinzani peke yake, bali na mpiga kura.

Kiongozi aliyepita bila kupingwa hajui kama anakubalika. Hatajisumbua kuitisha mkutano wala kusoma mapato na matumizi, kwa kuwa hakuna aliyemwomba kura.

Basi tawi lipendekeze watu safi, na liwe la kwanza kudai washindani wao wasikilizwe. Cheo ni dhamana. Na dhamana hutolewa na mwenye mali, naye ni mwananchi.