Tuhuma za Wizi wa Malipo na Haki ya Mtumishi Kusikilizwa



Katika mada hii niliyokabidhiwa nina kauli moja: sheria ya Kenya haimkatazi mwajiri kumfukuza mtumishi anayemshuku, bali humkataza kumfukuza kabla ya kumsikiliza.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kwa kifungu chake cha 44, humruhusu mwajiri kumwachisha kazi papo hapo mtumishi ambaye, kwa sababu za kuridhisha na za kutosha, ashukiwa kutenda jinai dhidi ya mali ya mwajiri huyo. Wala kifungu cha 43 hakimtaki athibitishe wizi kama mwendesha mashtaka athibitishavyo mbele ya hakimu, ila aonyeshe kwamba siku alipoamua aliiamini kwa dhati sababu aliyoitoa. Ndiyo maana mtumishi aliyeachiliwa na mahakama ya jinai harudishiwi kazi kwa hilo pekee.

Lakini ruhusa hiyo ina sharti. Kifungu cha 41 chaamuru mtumishi aelezwe tuhuma kwa lugha aifahamuyo, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, na maelezo yao yazingatiwe kabla ya uamuzi kukatwa.

Hekima ya sharti hilo huonekana katika kadhia yenyewe. Chukueni ankara moja iliyolipwa mara mbili, malipo ya pili yakaingia akaunti isiyojulikana, na kompyuta ikaonyesha jina la karani wa malipo. Je, nywila yake ilijulikana na nani mwingine ofisini? Nani aliyeidhinisha nambari mpya ya akaunti? Barua pepe ya kuomba mabadiliko hayo ilitoka kwa muuzaji, ama kwa ayari aliyejifanya muuzaji? Mwenye kuweza kuyafumbua hayo ni karani mwenyewe, naye mara nyingi amekwisha kupokonywa funguo na kusindikizwa na askari wa lango.

Mwajiri aliyefanya pupa namna hiyo huitwa mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo kwa kifungu cha 49 yaweza kumtoza fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12, au kuamuru mtumishi arejeshwe kazini. Na hata dalili za wizi zikiwa nzito, kukiuka utaratibu peke yake kwatosha kuufanya ufukuzaji kuwa wa dhuluma. Zaidi ya hayo, ujira wa siku alizokwisha kuzitumikia na cheti cha utumishi ni haki ya mtumishi hata akiwa amefukuzwa kwa kosa.

Basi nawasihi waajiri wamsimamishe kwa muda anayeshukiwa, wahifadhi kumbukumbu za malipo, wampe tuhuma kwa maandishi pamoja na nafasi ya kujiandaa, wamsikilize, ndipo waamue. Nanyi watumishi, nywila zenu msimpe mtu, hata mkuu wenu. Na mwenye kudhulumiwa asikawie kudai, kwani mlango wa mahakama hufungwa baada ya miaka 3.