Kazi ya Kuandaa Maonyesho katika Nyumba ya Sanaa ya Chuo
Mhadhara wa umma kwa watu wa Lusangi



Nimetakiwa niseme juu ya kazi ambayo katika nchi hii ya Kasongo na Kabambare haijapata ofisi wala mshahara, nayo ni kazi ya mtu anayekabidhiwa na chuo kikuu ghala la vitu vya sanaa, akavichagua, akavipanga, akaviandikia maelezo, kisha akafungua mlango ili watu waingie watazame. Rai yangu, ambayo nitaitetea kwa kadiri ya wasaa niliopewa, ni kwamba kazi hiyo ni ya maneno kabla ya kuwa ya macho, na kwamba maonyesho ya vitu vya jimbo letu la Maniema yatabaki na upungufu, hata yawe katika jumba la fahari namna gani, maadamu maneno ya wenyewe hayamo.

Mwaka 2001 Jumba la Fowler, lililo milki ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, lilionyesha sanaa ya Walega, ndugu zetu wa kaskazini wakaao Pangi, Shabunda na Mwenga. Aliyeyaandaa maonyesho yale na kuyatungia kitabu ni Bibi Elisabeth Cameron, mwanachuoni wa historia ya sanaa. Vitu vyenyewe vilikusanywa na Bwana Jay Last, mwanafizikia aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa viwanda vya elektroniki vya California. Na elimu iliyoyashikilia yote ilitokana kwa sehemu kubwa na Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti miongoni mwa Walega katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1973. Tazameni basi safari ya kinyago kimoja: kimechongwa msituni Maniema, kimepita mikononi mwa wachuuzi, kimenunuliwa na tajiri, kimefika chuoni, na kufika huko kinamhitaji mtu wa kukisemea.

Na kwao kilisemewaje? Bwami ya Walega ni chama cha daraja juu ya daraja, cha wanaume na wanawake, mpaka ile daraja ya kindi iliyo juu ya zote kwa wanaume. Na mtu hapandi humo kwa nguvu za mwili, bali kwa mwenendo wake, kwa mali ya kugharimia sherehe, na kwa jamaa kumsimamia. Siku ya mafundisho vikapu hufunguliwa na vitu hutolewa kwa utaratibu wake. Hutoka kinyago kidogo cha mti kiitwacho lukwakongo, ambacho urefu wake hauzidi sana kiganja cha mkono, usowe umepakwa udongo mweupe, na kidevuni zimening'inizwa ndevu za nyuzi za mimea. Mwalimu hukishika, hucheza nacho, huimba mithali. Kisha kinyago kile kile hufungwa kwenye paji la uso, au hushikwa mkononi, au huburutwa ardhini kwa ndevu zake, au hutundikwa kwenye ua pamoja na wenziwe. Na kila kinapohamishwa maana yake huhama nacho, kwa kuwa mithali imebadilika. Sasa niambieni: mwalimu huyu aliyeamua kitu gani kitangulie na kipi kifuate, kiwekwe wapi, nani akione leo na nani asubiri miaka, na kiandamane na maneno gani, amepungukiwa na nini hata asiitwe bingwa wa maonyesho? Mimi namhesabu kuwa aliimudu kazi hii kuliko wengi wenye shahada. Serikali ya Wabelgiji ilipoipiga marufuku Bwami mwaka 1948, ilidhani imefunga chama cha siri. Pamoja na chama ilifunga chuo, na vitu vilivyokosa mwalimu vikawa rahisi kununuliwa.

Katika kabati la vioo kinyago hicho hakichezi. Msimamizi huvaa glavu akishike, ingawa mng'ao anaouhifadhi katika vile vitu vya mti na vya pembe ulitiwa na mafuta na mikono ya watu. Simlaumu, maana ana sababu zake: mwanga huunguza nyuzi na rangi, na kwa hiyo hupimwa kwa laksi, na juu ya nguo na nyuzi hauachwi kwa kawaida kuzidi laksi 50, unyevu ukipanda na kushuka mti hupasuka, wadudu huuawa kwa kukifunga kitu na kukigandisha kwa siku kadhaa, na kila kitu huandikiwa daftari la hali yake, ufa huu ulikuwapo, ufa huu ni mpya. Vya pembe za ndovu vina taabu nyingine, kwani tangu mataifa yalipoafikiana mwaka 1989 kuikataza biashara ya pembe, hata kukiazimisha kitu cha kale kivuke mpaka kunataka vibali juu ya vibali, na sheria iliyowekwa kumlinda ndovu wetu imekuwa pia kizuizi cha sanaa yetu kurudi kutuzuru. Hayo ni mambo ya ufundi, na ufundi hufunzika.

Lisilofunzika upesi ni uaminifu katika kile kikaratasi cha maelezo kibandikwacho kando ya kitu. Upande wa kusini-mashariki yetu, kwa Watabwa wa kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwako mtemi Lusinga, mwenyewe mtekaji na muuzaji wa watumwa. Na mwezi wa Desemba 1884 watu wa Émile Storms, afisa wa Kibelgiji, walimshambulia wakamkata kichwa, na sanamu yake ya mababu ikachukuliwa, ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Kwa muda mrefu ilitazamwa kama uzuri mtupu, mpaka wanachuoni kama Allen Roberts, ambaye pamoja na Evan Maurer aliiandalia sanaa ya Watabwa maonyesho na kitabu katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1985, walipoifunua habari ya damu iliyomo. Maelezo ya haki yangetaja yote mawili: kwamba aliyeporwa alikuwa dhalimu, na kwamba aliyepora alikuwa dhalimu vilevile. Sanamu za Wabuyu wa hapa Kabambare nazo zimeandikwa mara kwa jina la Wabembe, mara la Waluba, kwa sababu aliyeandika hakumuuliza mwenyewe.

Nije kwetu. Kasongo ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ilitekwa na jeshi la Dhanis, afisa wa Kibelgiji, mwaka 1893, na daktari wa Kiingereza Sidney Hinde, aliyeingia nalo, ameandika juu ya vitanda vya nakshi, magodoro ya hariri, vikombe vya fedha, na bustani za machungwa, mapera na makomamanga. Magofu yake yapo Tongoni, na miaka ya karibuni Noemie Arazi na wenzake, wakiwamo wanachuoni wa Kikongomani, wameyachimba na kukusanya masimulizi ya wazee. Nikipewa nyumba ya kuonyesha habari hiyo, kikombe cha fedha ningekiweka, kwa kuwa ni kweli. Lakini wale waliofungwa minyororo wakapelekwa pwani hawakuacha vikombe vya fedha, na msimamizi anayepanga tu alichonacho ghalani atawaonyesha mabwana peke yao bila kukusudia. Chumba cha hao waliofungwa kingekuwa kitupu cha vitu na kimejaa sauti: masimulizi yaliyonaswa, yakisikika kwa lugha ya msimuliaji. Tippu Tip mwenyewe aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakapigwa chapa Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini. Sioni kwa nini maelezo ya maonyesho yetu yawe kwa Kifaransa na Kiingereza tu, na bibi wa Lusangi apite mbele ya kabati akisoma namba.

Mtasema hatuna jumba. Bibi Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere, Uganda, mwaka 1937 alianzia barazani kwake. Mwaka uliofuata kazi za wanafunzi zikaonyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikafika London. Chuo chenye chumba kimoja kikavu, kufuli, daftari na mwalimu mwenye subira kinatosha kuanzia.

Kwa hiyo nawaombeni mambo mawili, na nitakaa. Wazee mnaojua majina ya vitu, matumizi yake na mithali zake, wapokeeni wanafunzi watakaokuja na kalamu, wala msiwafiche ila lile lililo amana ya daraja yenu. Na ninyi wanafunzi, waandikieni barua wasimamizi wa Los Angeles na Tervuren, kwa Kiswahili fasaha, mtake picha na maelezo ya kila kitu walichonacho kilichotoka Kasongo na Kabambare, kisha muwajibu mnayoyajua ninyi nao hawayajui.