HUZUNI YA WAZEE NA TEZI YA SHINGO

Matini ya mazungumzo kwa wananchi kuhusu afya ya wazee



Mzee aliyezoea kukaa barazani kila baada ya sala ya Alasiri akianza kujitenga, kusahau na kukosa hamu ya mambo, jamaa zake husema, "Ni uzee tu." Wengine humpeleka kwa mganga. Ni wachache wanaoifikiria tezi ya shingo.

Tezi hiyo, iitwayo thairoidi, ina umbo la kipepeo na iko chini ya kikoromeo. Hutoa homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na kazi ya ubongo. Homoni zikipungua, mtu huchoka, huhisi baridi hata wakati wa joto, hufunga choo, ngozi hukauka, sauti huwa nzito na moyo hujaa huzuni. Zikizidi, kijana hutetemeka na kuhangaika. Lakini mzee huenda akanyamaza tu, akakonda, na moyo wake ukapiga bila mpango. Ndiyo sababu maradhi haya hupita bila ya kutambuliwa.

Isidhaniwe kuwa kuzungukwa na bahari ni kinga. Uchunguzi wa watoto wa skuli za Unguja na Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, ulibainisha upungufu wa madini joto, na hali ya Pemba ilikuwa mbaya zaidi. Kila nyumba inahimizwa kutumia chumvi yenye madini hayo. Hata hivyo, chumvi haimponyi mzee ambaye tezi yake imekwisha kuharibika. Huyo huhitaji daktari.

Maradhi hutambuliwa kwa kupima damu. Kipimo kimoja kilichopanda kidogo hakitoshi kuanzisha dawa. Utafiti uliofanywa Ulaya kwa watu 737 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, na kutangazwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa wenye upungufu mdogo hawakupata nafuu ya uchovu kwa kutumia dawa.

Mwenye upungufu kamili hupewa levothairoksini, ambayo humezwa kila siku tumbo likiwa tupu. Mwenye maradhi ya moyo huanza na kiasi kidogo, na damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vitenganishwe na dawa hiyo kwa saa 4. Anayefunga Ramadhani amuulize daktari saa ya kuimeza. Asiiache kwa hiari yake.

Si kila huzuni hutokana na tezi. Kufiwa, upweke na sonona vina tiba yake. Mzee akisema hana haja tena ya kuishi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Jamaa wanaombwa kumsindikiza mzee kituoni, kueleza mabadiliko waliyoyaona na yalianza lini, na kuchukua dawa zote anazotumia. Uzee ni heshima; usifanywe jina la maradhi yenye dawa.