Kiendelezi kipi kwa anayeandika PHP?

Kazi za tovuti zinazotufikia hapa Babati hazitofautiani sana: loji inayopokea wageni wa Tarangire, shule inayotangaza nafasi, chama cha ushirika kinachotaka hesabu za mbaazi zionekane. Nyingi ni WordPress au PHP ya kuandika kwa mkono, na wengi wetu kihariri chetu ni Visual Studio Code. Vijana huniuliza waweke viendelezi gani. Nami huwauliza kwanza: ni kosa gani huwa linakufikia kupitia kwa mteja?

Tuchukue ukurasa wa kupokea mbaazi ghalani. Karani anaingiza kilo, ukurasa unazidisha kwa bei. Juu uliandika $bei. Chini, kwa haraka, ukaandika $bie. PHP 8 haisimami hapo. Inatoa onyo, inalihesabu jina hilo kuwa halina kitu, na jumla inakuwa 0. Kwenye seva iliyofichwa maonyo, kama inavyopasa kwa tovuti iliyo hewani, wa kwanza kuligundua kosa ni mkulima anayeambiwa malipo yake ni 0. Ukaguzi wa PHP uliomo ndani ya VS Code haukusaidii, kwa kuwa unaona makosa ya sarufi tu, kama nuktamkato iliyosahaulika. Na $bie kisarufi haina kasoro.

Kwa kosa la namna hii mimi napendekeza Intelephense. Inasoma mradi mzima, inajua kila jina limeanzia wapi, na $bie itapigiwa mstari mwekundu ukiwa bado unaandika. Toleo la bure linatosha. Kubadili jina kila mahali kwa mkupuo mmoja ni miongoni mwa vinavyolipiwa. Ukishaiweka, zima PHP Language Features iliyokuja na kihariri, la sivyo mapendekezo yatajirudia. Kwa WordPress, ongeza neno wordpress kwenye orodha ya intelephense.stubs. Bila hilo hata get_header() itaonekana kosa, na aliyezoea kupuuza mistari myekundu ya uongo ataupuuza na wa kweli.

Anayehangaika na mantiki, yaani hesabu inakubali lakini jibu silo, aongeze PHP Debug pamoja na Xdebug. Wengi hukwama kwenye namba ya poti: tangu Xdebug 3 ni 9003, si 9000 ya mafunzo ya zamani.

Baada ya hapo ningesita. Emmet tayari imo. Bracket Pair Colorizer, iliyopakuliwa mara mamilioni kwa ajili ya kupaka mabano rangi, haina kazi tena tangu 2021, VS Code ilipoanza kuyapaka yenyewe, tena kwa kasi zaidi. Bado naikuta kwenye laptopu za watu. Mwenye RAM ya GB 4 afungue amri ya Developer: Show Running Extensions. Ataona kila kiendelezi kimetumia milisekunde ngapi kuamka, na huenda akavifuta vingine papo hapo.

Kuhusu bando: weka extensions.autoUpdate iwe false, usasishe unapotaka wewe. Mmoja wetu anaweza kupakua faili la VSIX la kiendelezi mara moja, wengine wakalichukua kwa flashi na kulisakinisha bila intaneti.

Flashi hiyo lakini ina hatari yake. Kiendelezi hakifungiwi chumbani. Kinafanya kazi kwa haki zako mwenyewe, kwa hiyo kinaweza kusoma wp-config.php, lilimo nenosiri la hifadhidata ya mteja. Februari 2025 Microsoft iliiondoa kwenye duka lake la viendelezi Material Theme, iliyokuwa na watumiaji mamilioni, kwa kushuku msimbo uliofichwa ndani yake, kisha ikairudisha na kuomba radhi. Hiyo ilikuwa ya kubadili rangi tu, na hata mwenye duka hakuwa na hakika kilichomo. Basi anayeleta VSIX aseme aliipakua wapi na ni toleo gani. Na kwenye laptopu ya kazi tumieni hifadhidata ya majaribio. Nenosiri la tovuti iliyo hewani libaki kwenye seva.