Kabla Jua Halijazama: Mtaa, Maktaba na Saa za Alasiri za Mwanafunzi wa Eastlands

Saa tisa na nusu alasiri, vipindi vya darasani huisha katika shule za kutwa nchini Kenya. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 ndizo zilizoweka saa hiyo na kutenga muda wa michezo na vyama baada yake. Jijini Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Katika muda huo mfupi, mtoto wa Korogocho au Kayole, mitaa ya Eastlands upande wa mashariki wa jiji, mara nyingi hurudi kwenye chumba kimoja ambamo familia nzima hupika, hula na kulala. Meza ya kusomea hakuna. Mama bado yuko soko la Gikomba na bidhaa zake, baba hajatoka kibaruani Industrial Area.

Mada hii ya semina inadai kwamba saa hizo ni mali ya elimu, na kwamba mtaa una uwezo wa kuzitumia vizuri kuliko tuisheni ya kulipia.

Tuisheni ina historia yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku tuisheni wakati wa likizo, na kumtishia mkosaji kwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Kiu yake haikuisha. KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho 2023, ndio ulioamua mtoto ajiunge na shule gani ya sekondari, na hakuna mzazi aliyetaka wake aachwe nyuma. Aliyekuwa na pesa alilipa. Asiyekuwa nazo alimtazama mwanawe akibaki nje, na hilo ni dhuluma hata kama kila mmoja alikuwa na nia njema.

Njia tofauti ilijaribiwa Korogocho na Viwandani kuanzia 2013. Kituo cha utafiti cha APHRC, ambacho kimekuwa kikifuatilia maisha ya wakazi wa mitaa hiyo miwili tangu 2002, kilishirikiana na makundi mawili ya papo hapo: Miss Koch upande wa Korogocho na U-Tena upande wa Viwandani. Walianza na wasichana wa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Baada ya masomo, wasichana walikutana na vijana wa mtaa waliokwisha kupata mafunzo, wakasaidiwa kusoma na kufanya hesabu, na pia kuzungumza juu ya stadi za maisha: marafiki, mwili, hofu, malengo. Aliyepata alama 250 au zaidi kati ya 500 katika KCPE alisaidiwa kifedha kuingia kidato cha kwanza. Awamu ya pili, iliyoanza 2016, iliwaingiza wavulana pia.

Jambo la kutazamwa kwa makini zaidi katika mpango huo ni wazazi. Baadhi ya vijiji vilipata masomo ya alasiri pamoja na vikao vya kuwashauri wazazi, vingine vikapata masomo peke yake, na vingine vikabaki kuwa vya kulinganishia. Mpangilio huo ulimtambua mzazi kuwa mshirika. Mama aliyeachia shule darasa la tano huenda asiweze kusahihisha hesabu ya sehemu, lakini anaweza kuuliza daftari liko wapi, kumpunguzia binti zamu ya kuchota maji siku za masomo, na kujua anarudi nyumbani saa ngapi na pamoja na nani. Binti asipokuwa na uhakika wa kufika nyumbani kabla ya giza, hatakuja, hata mwalimu awe hodari namna gani. Ndiyo maana umbali wa kutembea kwa miguu ni suala la elimu.

Mtaa wa Mathare ulijua mapema nguvu hii ya jamii. Chama cha michezo cha MYSA, kilichoanzishwa 1987, kiliunganisha kandanda na usafi wa mtaa: timu ilipata pointi za ligi kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro. Vijana waliojitolea walijikusanyia pointi zilizoweza kuwaletea msaada wa karo. Huko Korogocho, kando ya jaa la Dandora, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge umewafundisha watoto fidla na tarumbeta katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Yohana. Mtoto anayesoma noti na kuhesabu mapigo anajifunza subira na umakini vilevile, na haifai kuyaita hayo mapumziko tu.

Kisha kuna majengo. Kaloleni na Makadara zina maktaba za umma, ambazo shirika la Book Bunk, lililoundwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limezifufua kwa ushirikiano na Kaunti ya Nairobi. Mitaa mingi ya zamani ya Eastlands ina kumbi za jamii pia. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, umeongeza kazi za mradi zinazomtuma mtoto kutafuta picha, vifaa na intaneti, na mzazi hulipia saiba. Mtoto mwenye maktaba karibu, yenye meza, taa na kijana wa kumwelekeza, ameondolewa gharama hiyo.

Kinachokosekana ni mkataba. Miradi mingi ya aina hii huishi kwa ufadhili wa miaka miwili mitatu, kisha vijana waliofundishwa hutawanyika kutafuta riziki. Washiriki wa semina hii kutoka Kaunti ya Nairobi na bodi za shule wanaombwa waanze na ukumbi mmoja katika kila wadi: ufunguliwe kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni siku za shule, vijana wanaosaidia watoto walipwe posho kutoka bajeti ya kaunti, na mzazi asidaiwe hata shilingi moja.