Ruta Mpya, Kasi Ileile



Intaneti ya nyuzi za kioo huingia nyumbani kwa mwanga. Kasi yake mara nyingi hupotea baada ya kuvuka mlango. Aliyebadilisha ruta, na huduma ikazidi kusuasua, asiharakie kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Kwanza aunganishe kompyuta na ruta kwa kebo, kisha apime kasi. Ikigota karibu na megabiti 100 kwa sekunde ilhali amelipia zaidi, abadilishe kebo: gigabiti huhitaji nyaya zote 8 za shaba, zikifanya kazi 4 tu, kasi haivuki 100. Kasi ikikamilika kwa kebo, kasoro iko kwenye Wi-Fi. Ruta isogezwe mbali na kuta nene. Ikiwa bado pungufu, mtoa huduma aarifiwe; asipotatua, malalamiko yafikishwe TCRA.