Kipa mlaumuni, lakini haki yake mpeni

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari ya mlinda mlango. Swali lenyewe ni fupi, nalo huulizwa kila timu inapofungwa: kipa aliyekosea alaumiwe, au atiwe moyo? Wapo watakaosema hayo ni mambo ya vijiweni, hayastahili kupewa nafasi redioni. Mimi naona yana uzito, maana namna tunavyomhukumu kipa ndivyo tunavyomhukumu mwenzetu yeyote mambo yanapoharibika.

Mwenye shaka aje huku Ngara na Biharamulo. Wilaya hizi mbili hazina timu ya Ligi Kuu. Kwenda Kaitaba mjini Bukoba ni safari ya kutwa, na ule uwanja mkubwa wa Dar es Salaam wengi wetu tumeuona kwenye picha tu. Lakini fika Nyakanazi, pale njia panda wanapopumzika madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi. Fika Lusahunga, fika Rulenge, fika Kabanga mpakani. Kila mahali utakuta kambi mbili, ya Simba na ya Yanga. Mzee anayewasemesha wajukuu zake Kihangaza tangu asubuhi, mtajie jina la kipa wa timu yake uone atakavyokuja juu kwa Kiswahili kilichonyooka!

Tarehe 5 Novemba, 2023, Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Golini mwa Simba alikuwa Aishi Manula, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anarejea baada ya kuumia na kukaa nje miezi kadhaa. Siku mbili baadaye klabu ikaachana na kocha wake, Roberto Oliveira, maarufu kwa jina la Robertinho. Kocha akafunga mizigo akaenda zake. Huku nyuma, katika vibanda vya kuonyeshea mpira, vile vijana wanavyoviita vibanda umiza, walibaki kubishana juu ya kipa. Niliwasikiliza, na nitawatendea haki wote wawili.

Upande wa kwanza ulisema: kipa analipwa kwa kazi hiyo. Fundi akikujengea ukuta ukaanguka, humpigii makofi. Mshabiki ametoa fedha yake mfukoni, fedha ambayo ingenunua mafuta ya taa au daftari la mtoto, kwa hiyo anayo haki ya kusema. Tena timu isiyoambiwa makosa yake hulala usingizi.

Upande wa pili ukajibu: huyu ndiye aliyetubeba miaka yote. Leo ameanguka, basi tumwinue. Mabao matano hayaingii kwa kosa la mtu mmoja. Mabeki walikuwa wapi, na viungo walikuwa wapi? Na aliyemrudisha uwanjani mtu aliyetoka kuumia, mbona haulizwi?

Ndugu wasikilizaji, hoja zote hizo ni hoja za watu wenye akili zao. Mjadala ungeishia hapo, tungekwenda kulala salama. Lakini mijadala ya namna hii, iwe ni juu ya kipa wa Dar es Salaam au wa kijijini kwetu, haikosi sauti ya tatu. Hiyo hutoka nyuma, gizani, nayo husema maneno mawili tu: "Ameuza mechi." Ukiuliza ushahidi, unaambiwa lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hapo hoja zote hufa, kwa sababu hakuna tena wa kulaumu kosa wala wa kutia moyo. Anayebaki ni mwizi tu, na mwizi hana mtetezi.

Sasa natoa mfano wa kipa mmoja ambaye Watanzania tumemsifu na kumlaumu kuliko wengi. Ni Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma, jirani zetu wa upande wa kusini.

Mwaka 2003 Simba iliitoa Zamalek ya Misri, iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo. Aliyesimama golini ni Kaseja, na nchi nzima ikamwimba. Mwaka 2008 akahamia Yanga. Waliomwimba jana wakamwita msaliti. Akarudi Simba, wakampokea kwa shangwe. Mwaka 2013 mkataba wake ulipokwisha, Simba haikumwongezea. Wapo waliosema amekwisha, wapo waliosema ameonewa. Akakaa miezi bila timu, kisha Yanga ikamchukua.

Tarehe 21 Desemba, 2013, watani walikutana katika mchezo wa Nani Mtani Jembe. Simba ikashinda 3 kwa 1. Mabao mawili yalitoka kwa Amissi Tambwe, Mrundi, jirani yetu wa ng'ambo hapa. Lakini bao lililozungumzwa zaidi ni la tatu, la Awadh Juma, lililotokana na kosa la Kaseja mwenyewe. Kosa lilikuwa kosa, hata ndugu yake wa tumbo moja asingelikana. Yanga ikamfukuza kocha, Ernie Brandts, na kipa akamiminiwa kila neno ambalo Kiswahili kinalo.

Tungesema hukumu imekwishatolewa, lakini tuendelee kidogo. Kaseja akapita Mbeya City, kisha akaja mkoani kwetu, Kagera Sugar. Tarehe 19 Mei, 2018, Kagera Sugar ilikwenda Dar es Salaam kucheza na Simba, siku ambayo Simba ilikuwa inakabidhiwa kombe la ubingwa. Simba ilikuwa haijapoteza hata mchezo mmoja wa ligi msimu ule. Jukwaani alikuwepo hayati Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, sehemu iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Biharamulo kabla haijawa wilaya. Kagera Sugar ikaongoza 1 kwa 0. Mwishoni Simba wakapata penalti, na mpigaji akawa Emmanuel Okwi, mfungaji bora wa msimu. Kaseja akaiokoa. Huku Biharamulo watu wa Simba siku ile hawakujua walie au wacheke.

Mwaka uliofuata kocha Etienne Ndayiragije, naye Mrundi, akamwita Kaseja katika timu ya taifa, wakati wengi walikwisha kumsahau. Tarehe 4 Agosti, 2019, Taifa Stars ikaitoa Kenya kwa penalti 4 kwa 1 huko Nairobi. Tarehe 8 Septemba mwaka huo huo ikakutana na Burundi Dar es Salaam, kuwania njia ya Kombe la Dunia. Bujumbura walikuwa wametoka 1 kwa 1, na Dar es Salaam wakatoka 1 kwa 1 tena. Zikapigwa penalti, Tanzania ikashinda 3 kwa 0. Burundi haikupata hata moja mbele ya mtu aliyeambiwa miaka sita kabla kwamba mikono yake imekwisha. Kwa watu wa Ngara, wenye shangazi na binamu ng'ambo ya mpaka, mchezo ule haukuwa wa mbali hata kidogo.

Ndugu wasikilizaji, sisemi kwamba waliomlaumu mwaka 2013 walikosa haki ya kulaumu. Nasema walilaumu kosa la dakika moja kana kwamba ni tabia ya maisha. Wala sisemi kwamba kumpenda mchezaji ni kumfichia aibu. Siku ile ya Mei 2018, Rais aliyekuja kuwapongeza mabingwa aliwaambia waziwazi, mbele ya umati, kwamba kwa mchezo ule aliouona hawawezi kuchukua kombe la Afrika. Hakumtukana mtu wala hakusema fulani amehongwa. Alieleza alichokiona, akawakabidhi kombe lao. Mtu anaweza kukukosoa na kukupa haki yako kwa mkono ule ule.

Basi naleta mizani ya kupimia lawama. Kwanza, je, uliona? Mwaka 1993 Simba ilipofungwa 2 kwa 0 na Stella Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, wengi wetu huku tuliutazama mchezo ule kwa masikio, kupitia redio. Hata hivyo kesho yake kila mmoja alijua kosa lilikuwa la nani, na mpira ulimpita nani upande gani! Pili, je, unalaumu tendo au unamlaumu mtu? "Alitoka golini mapema" ni neno linalomfundisha kipa. "Hafai, hakufaa wala hatafaa" halimfundishi kitu. Tatu, ukisema ameuza, nani alinunua, kwa kiasi gani, na nani shahidi? Kama huna majibu, ulichonacho ni hasira, nayo hasira haijawahi kuwa ushahidi mahali popote.

Naona umuhimu wa mizani hii si kwa ajili ya Manula wala Kaseja. Hao ni watu wazima wenye majina. Wakizomewa mji huu, kuna mji mwingine utakaowapokea. Mimi nawaza juu ya kijana wa kidato cha tatu anayesimama golini mwa timu ya kata yake, kwenye uwanja wenye mteremko na goli la miti ya mikaratusi lisilo na nyavu. Akifungwa bao la kizembe, yeye hana Mbeya City ya kwenda. Ataamka kijiji kile kile. Atakwenda kuchota maji kisima kile kile, na watu watamnyooshea kidole: huyo alinunuliwa kwa debe la rubisi. Wengine wataongeza na mambo ya kurogwa, ugomvi uhamie kwa wazazi. Nimewaona vijana wa namna hiyo. Mpira waliuacha, na baadhi yao waliacha hata kupita sokoni mchana.

Halafu kiongozi wa timu anauliza mbona hatupati makipa. Tutawapata wapi? Kila mtoto mwenye akili anataka kuwa mshambuliaji. Mshambuliaji akikosa mara tano akafunga ya sita, anabebwa mabegani. Kipa akiokoa tano akafungwa ya sita, anatafuta njia ya uchochoroni kurudi nyumbani.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la leo ni hili. Kipa aliyekosea alaumiwe, tena siku ile ile, na wale walioona, kwa kosa lile alilolifanya, halafu basi. Jumapili inayofuata aachwe asimame tena langoni, na sisi tunyamaze mpaka mpira umfikie. Na yule wa gizani anayesema "ameuza", wenzake wa kibandani wamgeukie wamtake ushahidi kabla taa haijawashwa. Akikosa, yeye ndiye azomewe.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakukataza kumnyonga. Walitaka haki yake isizikwe pamoja naye.

Nawatakieni juma jema, wa Msimbazi na wa Jangwani. Tukutane tena juma lijalo.